Tranka Lililonunuliwa Kweli

Cheo cha mama mlezi nilikipata kwa sababu ya kipaza sauti. Kulikuwa na sherehe ya kumuaga binti wa mfanyakazi mwenzangu pale Uyole, mshereheshaji akanipa dakika mbili za kumuasa bibi harusi, mimi nikachukua ishirini. Nilisema kuhusu elimu, nikasema kuhusu mwanamke kuwa na kipato chake, nikamalizia kwa kusimulia nilivyokuwa nikienda shule pekupeku kwenye baridi ya Iringa. Hadithi hiyo ilikuwa ya kweli isipokuwa pale kwenye pekupeku. Viatu nilikuwa navyo, raba za bluu, lakini watu walishaanza kupangusa macho na sikuona sababu ya kuwakatisha.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu mmoja mstaafu alinifuata kazini. Kazi yangu ni kupima udongo. Wakulima wanauleta kwenye mifuko ya nailoni, nami nawaambia shamba lao limechoka kiasi gani. Mzee yule alisimama katikati ya mifuko, akaniambia ameunda kamati ya kumwinua mtoto wa kike na kwamba Mungu amenipa kipaji. Nilijifanya kusitasita kwa muda ambao heshima inadai, kama nusu dakika hivi.

Kamati ilikuwa na wanawake kumi na mmoja na mwenyekiti mwanaume, ambaye ndiye mzee yule. Nilipouliza kwa nini tunaongozwa na mwanaume katika jambo hili hasa, walionijibu ni wanawake wenyewe: sauti yake inafika mbali. Vikao vitatu vya kwanza vilihusu kitenge cha sare. Kundi moja lilitaka cha njano, kundi lingine likasema njano inawazeesha watu wanene. Mtoto wa kike alisubiri. Kikao cha nne tukakubaliana kijani chenye maua makubwa, tukapiga picha, na kuanzia hapo tukajihesabu kuwa tumeanza kazi.

Ilibidi tutafute mtoto wa kike wa kumwinua. Uyole wamejaa, wengine wakiuza viazi barabarani mbele ya macho yetu, lakini hao tulikuwa tumewazoea. Mwenyekiti alitaka wa mbali. Tukachagua shule ya kata kule bondeni Usangu, mbele ya Ubaruku, penye mashamba ya mpunga na familia za wafugaji waliohama na mifugo yao kutoka kaskazini. Wafugaji, alisema mwenyekiti, ndio wenye shida hasa. Hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kukaa na mfugaji hata kunywa naye chai, kwa hiyo wote tulikubali.

Basi kila mwezi nikawa nashuka bondeni na sare yangu ya kijani, nasimama mbele ya wasichana arobaini na kuwapa mada. Mada zangu zilikuwa mbili: kujiamini na kuwa na ndoto. Zikiisha nilikuwa naunganisha, naongea kuhusu kuiamini ndoto. Wasichana wengine walilia kwa wakati unaofaa. Mmoja hakuwahi kulia, na alinikera kwa hilo. Alikuwa mrefu, mkimya, binti wa familia mojawapo ya hizo za wafugaji, sweta la shule limemfupikia hadi viwiko vinachungulia. Siku moja niliposema kuna swali, alinyoosha mkono.

"Mama, wewe si unafanya kazi maabara?"

Nikasema ndiyo, nikiwa tayari kusimulia safari ya maisha yangu.

"Hapa mtihani wa vitendo wa kemia tunachorewa ubaoni. Bureti hatujawahi kuishika. Tutafaulu vipi?"

Mwezi uliofuata nilimletea bureti moja niliyoinunua mwenyewe, na chupa mbili za kemikali, nikamwonyesha namna ya kuhesabu matone. Tulikaa saa tatu bila kutaja ndoto hata mara moja. Aliwafundisha wenzake. Ukiniuliza leo, ndicho kitu pekee cha maana nilichofanya kwa miaka miwili, na sikuwahi kukitaja kwenye hotuba yoyote kwa sababu hakuna mtu anayelia kwa habari za bureti.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, yule mrefu alikuwa amefaulu kuliko wote, na uchaguzi ulipotangazwa akapangiwa kidato cha tano katika shule ya bweni ya wasichana huko Iringa. Kamati ilichanganyikiwa kwa furaha. Kwenye kundi letu la simu ziliingia picha za mikono ya kuomba hadi simu yangu ikagoma. "Binti yetu," waliandika watu ambao hawakuwa wamewahi kumwona. Mwenyekiti akatangaza harambee kubwa ya kumnunulia vifaa, na mgeni rasmi, mfanyabiashara mmoja wa mjini mwenye mashine za kukoboa mpunga.

Binti aliletwa Uyole wiki moja kabla ya harambee, akakaa kwangu ili nimwandae. Siku ya kwanza tu alinitolea fomu ya kujiunga na shule, imekunjwa vizuri ndani ya daftari.

"Mama, hapa wameandika mwisho wa kuripoti ni Jumatatu ile baada ya harambee. Asiyefika nafasi yake anapewa mwingine."

Nilijua. Nilijua pia kwamba kamati ilikuwa imepanga kumpeleka Iringa Jumamosi inayofuata, siku tano baada ya mwisho wa fomu, kwa sababu siku hiyo ndiyo mgeni rasmi angekuwa na nafasi ya kutupeleka na gari lake, na mpiga picha angekuwa amerudi kutoka Tunduma. Nilimpigia mwenyekiti mbele ya binti. Akacheka kile kicheko cha mtu aliyezoea kuogopwa na darasa zima. "Dada, shule ni watu. Nitaongea na wakubwa." Wakubwa gani, hakusema, nami sikuuliza.

"Usiwe na wasiwasi mwanangu," nikamwambia. "Mambo haya waachie watu wazima."

Alinitazama, akaikunja fomu yake. Siku ya tatu alinikumbusha tena, na mimi nikamjibu yaleyale, safari hii kwa ukali kidogo. Nina hasira za karibu, hasa ninapojua kwamba nimekosea.

Kazi kubwa ya wiki ile ilikuwa ushuhuda. Mwenyekiti alisema watu wa Uyole ni wagumu kutoa bila kuguswa, hivyo binti aeleze alikotoka. Nilimkalisha sebuleni, nikamuuliza maisha ya nyumbani. Akasema baba anachunga, mama analima mpunga, wadogo zake wanasoma, yeye akirudi shule anasaidia kuchota maji. Nikauliza shida. Akafikiri, akasema barabara wakati wa masika. Kwa kweli hapo hapakuwa na harambee. Nikachukua kalamu nikamwandikia ushuhuda mwenyewe.

Aliusoma, halafu akaweka kidole kwenye mstari. "Mama, hapa. 'Baba yangu alipanga kuniozesha kwa mzee jirani kwa ng'ombe nane.' Baba hajawahi kusema hivyo."

"Ni mfano tu mwanangu. Wapo wasichana wengi yamewakuta. Wewe unawasemea."

"Kwa nini wasijisemee?"

"Hawajachaguliwa kidato cha tano," nikasema, na nikaona nimejibu vizuri sana.

Harambee ilifanyika Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa usharika. Julai ya Uyole mnaijua, watu walikuwa wamevaa sare za kijani na makoti juu yake, kwa hiyo vikao vyote vile vya kitenge vilikwenda bure. Pale mbele, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, tulikuwa tumeliweka tranka la bati, jekundu, jipya, limejaa zawadi. Kila mwanakamati alileta alichoguswa kuleta bila kumuuliza mwenzake. Kulikuwa na Biblia tatu, vikombe vya udongo dazeni nzima, vitana vinne, na saa ya ukutani yenye picha ya maporomoko ya maji. Blanketi halikuwamo, kwani kila mmoja alidhani mwingine ataleta. Juu kabisa ya vitu nililaza fomu ya kujiunga, cheti cha daktari na picha ndogo za binti, ili mgeni rasmi akifunua aone kwamba jambo hili ni la kweli. Wazo hilo lilikuwa langu, na nilipongezwa.

Baba wa binti alikuja. Hakuna aliyekuwa amemtarajia. Barua ya mwaliko ilitaja mzazi au mlezi, na kamati iliona mlezi yupo, tena ana sare. Alikuja na basi la alfajiri, mwanaume mrefu kama mwanaye, koti refu la kahawia, kofia, kandambili za tairi na fimbo. Mhudumu akamwelekeza benchi la mwisho karibu na mlango. Nilimwona, nikajiambia nitakwenda kumsalimia baadaye, programu ikitulia.

Mgeni rasmi alichelewa saa mbili. Alipofika alisema maneno makali kuhusu wazazi wanaothamini mifugo kuliko watoto, ukumbi ukapiga makofi, baadhi yetu tukigeuka kutazama benchi la mwisho kuona kama somo linaingia. Kisha binti akaitwa. Alisoma ushuhuda wangu wote bila kuruka neno, kwa sauti ileile aliyokuwa akisomea hatua za jaribio la kemia, macho yake kwenye viatu. Alipofika kwenye ng'ombe nane, mama mmoja wa kamati alitoa kilio cha kusikika nje. Mimi nilikuwa namtazama baba yake. Alivua kofia, akaiweka gotini, akabaki anaitazama kofia. Nikaona aibu, kisha mwenyekiti akanitaja kwa cheo, makofi yakapigwa, aibu ikanipita.

Baada ya hapo ukaja mnada, na hapa lazima niwaeleze wageni. Kwetu makanisani mtu asiye na fedha hutoa alichonacho: kuku, mkungu wa ndizi, debe la viazi. Vitu hivyo vinanadiwa palepale. Anayenunua, akiwa muungwana, anasema "narudisha," na kitu kinanadiwa tena kwa ajili ya mfuko uleule. Jogoo mmoja anaweza kuuzwa mara saba na akaishia kwenye sufuria ya mwinjilisti. Kila mtu anaujua mchezo huo. Anayenunua maboga na kuondoka nayo kweli anasemwa hadi Pasaka.

Mwenyekiti alinadi kuku, akanadi ndizi, akanadi boga moja mara tano. Ukumbi ulipamba moto. Alipoona vitu vimekwisha na watu bado wana hamu, akageuka, akaliona tranka. Alilishika kwa mikono miwili, akalinyanyua juu.

"Na hili tranka la binti yetu! Nani ananigusia?"

Natamani niseme nilishtuka. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nilitaja bei, nikapigiwa makofi, nikasema narudisha, nikakaa chini nikijipepea ingawa palikuwa na baridi. Baada yangu wakalinunua wengine watatu, wakarudisha. Kisha mgeni rasmi akainuka taratibu, akataja kiasi cha kumnyamazisha kila mtu. Vigelegele. Mwenyekiti akauliza kwa mzaha tu, kama wanavyouliza siku zote, kama kuna mwenye kauli zaidi.

Fimbo ikainuka kwenye benchi la mwisho.

Tulidhani anataka kwenda msalani. Mwenyekiti akamuuliza mzee anasemaje, naye akataja bei juu ya ile ya mgeni rasmi. Watu wakacheka, kisha wakaacha. Mgeni rasmi akapandisha, mzee akapandisha. Hakuwa na papara. Alikuwa mtu aliyesimama kwenye minada ya ng'ombe maisha yake yote na aliujua uso wa mwanaume anayekaribia kikomo chake. Mgeni rasmi alicheka, akakaa, akasema amwachie mzee naye apate baraka. Mzee akatembea mpaka mbele, akatoa ndani ya koti mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira, akaweka fedha zote mezani, mbele ya mtunza hazina wetu. Ukumbi mzima ukasimama kumshangilia, tukingoja neno moja tu.

Hakulisema. Alilifunga tranka, akalipandisha begani, akamtazama mwanaye. Binti akainuka kutoka kiti cha heshima, akamfuata.

"Mzee wangu," mwenyekiti akasema, bado anatabasamu, "sisi huwa tunarudisha."

"Sawa," akasema mzee. "Mimi nimenunua."

Wakatoka. Mtu mmoja akasema anakwenda kulihifadhi nje. Kwaya ikaimba, na kwaya zetu hazijui wimbo wa beti chache. Walipomaliza nikatoka nje, nikaambiwa na mama muuza karanga kwamba wawili wale walipanda lori la kubeba mpunga lililokuwa linarudi Ubaruku tupu.

Kamati ilikaa kikao cha dharura, bado tunatafuna pilau. Hapo ndipo nilipoona nguvu ya ushuhuda. Nilitunga uongo Jumanne, na Jumamosi saa nane mchana watu kumi na moja walikuwa wanautumia kama ushahidi. "Si alisema mwenyewe? Ng'ombe nane!" "Huyo mzee jirani atakuwa keshatoa." "Karatasi zimo ndani ya tranka, mnaona alivyopanga? Amekwenda kuzichoma." Mwenyekiti akasema binti ametoroshwa, tuandike barua kwa mamlaka. Wakaanza kubishana juu ya kichwa cha barua. Mama mmoja akauliza kama siku ya kumkomboa tutavaa sare ileile.

Ningeweza kusema kweli pale. Sentensi moja ilitosha: jamani, hayo ya ng'ombe niliandika mimi. Niliifungua midomo, nikala pilau. Mbaya zaidi, kadiri walivyosema nilianza kuamini nami. Nilifikia kujiuliza kama labda nilihisi jambo lililokuwepo kweli, kama wanavyohisi watu wenye kipaji.

Jumapili asubuhi nilipanda basi kwenda kumwokoa. Nilishuka njia panda, nikachukua bodaboda hadi Ubaruku na kuendelea mbele, vumbi la mashine za kukoboa likanijaa puani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia mzee. Nyumbani kwao nilimkuta mama wa binti peke yake, anageuza mpunga juu ya turubai kwa miguu, akitembea mistari iliyonyooka. Nilimsalimia huku nikichungulia mlangoni.

"Binti yuko wapi, mama?"

"Si wameenda shule. Wametoka alfajiri, yeye na baba yake."

"Shule ipi?"

Akaacha kugeuza mpunga. "Kwani mlimchagulia ngapi? Ile ya Iringa. Si kesho ndiyo mwisho?"

Nilikosa pa kuweka mikono yangu. Alinikaribisha kigoda, akaniletea maziwa ya mgando kwenye kikombe kikubwa, akanieleza bila ubaya wowote kwamba mume wake aliuza dume mnadani wiki iliyopita kwa ajili ya vifaa vya mtoto, akaja na fedha hizo Uyole ili awaulize watu wa kamati nini kimepungua ajazie. Hakuna aliyemuuliza. Simu ikaita, alikuwa mwenyekiti. Nikamwambia binti yuko njiani kwenda shule. "Bila sisi?" akasema. "Dada, hilo haliwezekani, gari limeshawekwa mafuta ya Jumamosi." Kisha akaniagiza niende Iringa nihakikishe kwa macho, maana wafugaji ni watu wa kusema hivi na kufanya vile. Nilikata simu.

"Kama unafika huko," mama akasema, "mpelekee blanketi. Tumefungua lile tranka lenu usiku, tukakuta vikombe."

Akalikunja blanketi zito la mistari, akatafuta cha kulifungia, hakuona. Nikavua kile kitenge cha kijani nilichokuwa nimejifunga juu ya sketi, tukafungia hicho. Kilitosha vizuri sana.

Nililala kwa dada yangu Iringa mjini, asubuhi nikaenda shuleni na furushi kichwani. Mlinzi wa geti alinitazama, akanisalimia kwa Kihehe, "Kamwene, umeleta mwanafunzi?" Nikasema hapana, nimeleta blanketi. Akanielekeza kwenye benchi nje ya uzio wanakosubiri wazazi. Baba wa binti alikuwa amekaa hapo, koti lilelile, fimbo katikati ya magoti. Pembeni yake kulikuwa na boksi la vikombe, na juu ya mapaja yake saa ya ukutani, inatembea.

"Shikamoo, baba," nikasema, ingawa huenda tumelingana umri.

"Marahaba. Mwangaluka, mama." Akaniamkia hivyo kwa Kisukuma chao, akasogea kunipa nafasi. "Hivi wamekataa, haviruhusiwi bwenini. Chukua wewe. Nyie si huwa mnarudisha."

Nikapokea saa. Sijui kwa nini nilijitetea mara moja, nikamwambia tulikuwa na mpango, gari la Jumamosi, mwenyekiti angeongea na wakubwa. Alinisikiliza hadi mwisho. Watu wachache wamewahi kunifanyia hivyo.

"Mtoto aliniambia karatasi iko ndani ya tranka na siku ni Jumatatu," akasema. "Nikawaza, nikiomba, mtaniambia nisubiri. Nikinunua, nani ananiambia nisubiri?"

Binti akatoka getini mbio, kavaa sketi mpya, akapiga magoti kidogo kunisalimia. Akaliona blanketi, akalikumbatia pamoja na kitenge changu. "Nimeandikwa, mama. Wa mwisho kwenye kitabu, mwalimu alikuwa ameshashika rula apige mstari." Alisema hivyo akicheka. "Maabara yao ina bureti kumi na mbili, nimezihesabu." Kengele ikagonga. Akamshika baba yake mkono, akaniaga, akarudi ndani na hakugeuka tena.

Tukabaki wawili, na saa yangu inagonga-gonga mapajani. Nilidhani ataondoka. Akaondoa kofia, akaiweka gotini kama siku ile.

"Mama, nikuulize. Yule mzee jirani aliyesemwa pale, wa ng'ombe nane. Mimi majirani zangu wote nawajua. Nimefikiria kutoka Uyole mpaka hapa, simpati. Nyie mnamjua?"

Hakuuliza kwa kejeli, hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka ndani ya nyumba yake.

"Hayupo," nikasema. "Nilimtunga mimi. Mtoto alinikatalia, nikamlazimisha."

Aligeuza kofia, akaikagua ukingo wote. Mlinzi alikuwa anafagia, akaacha kufagia.

"Ng'ombe nane," akasema. "Tranka peke yake nimelinunua kwa dume zima, mama. Mtoto mwenyewe ningemtoa kwa nane?"

Nikasema samahani. Sauti ilitoka ndogo mno, ya kitoto, sikuamini imemfikia. Miaka miwili nimezoea kipaza sauti. Nikavuta pumzi, nikasema tena kwa nguvu, samahani, baba, mpaka mlinzi akageuka.

Akavaa kofia, akachukua fimbo yake, akasimama.

"Nilikusikia ile ya kwanza," akasema.